Mnandi Aliyepakwa Mafuta

Mize, mgongo unamuuma kwa kazi ya kutwa, alimkuta mnandi, yule ndege mweusi anayezamia samaki, amenaswa wavuni, manyoya yamelowa chapachapa. Akamhurumia. Akampaka mafuta ya nazi ili maji yasipenye, kisha akamwachia.

Ndege akapiga mbizi, maji yakamrudisha juu. Akapiga tena, akaelea kama kifuu.

“We mwanamke!” mumewe Kombo akamaka. “Mungu kampa manyoya ya kulowa apate kuzama, wewe umemfanya boya! Atakufa njaa huyo.”

“Basi, bwana. Nimesikia.”

Mize akaingia majini mpaka kifuani, akamnyooshea dagaa. Akimshika tu, atamwosha kwa sabuni.

Ndege akautazama ule mkono. Hakuja, wala hakuondoka.