Neno la Kwanza la Katiba

Mwaka ule wanyama walipomtimua mfalme Simba, walijitungia katiba, wakamchagua Tembo awe rais. Haukupita muda, Tembo akajilaza katikati ya njia ya bwawani, akataka kunywa peke yake.

Hakimu wao, Nungunungu, akamwendea miiba imemsimama. "Mheshimiwa Rais, katiba yetu inaanza na neno gani?"

"Mimi!" Tembo akajibu bila kufikiri.

"Sisi!" wanyama wakamsahihisha kwa sauti moja, mpaka maji yakatikisika. "Sisi ndio tuliokuweka!"

Tembo akawatazama, akainuka, akaenda kupanga foleni.

Nungunungu naye akaja, kifua mbele. "Nani wa mwisho hapa?"

"Mimi," Tembo akajibu taratibu, na safari hii hakukosea.