Bangili ya Bi Mwanahija

Siku hizi mgonjwa haulizwi anaumwa wapi. Anayemuuguza huvishwa bangili, na maumivu ya mgonjwa huja yenyewe mwilini mwake. Saumu alivaa ya mama yake, Bi Mwanahija, aliyepooza miguu.

Kiuno kilipombana, Saumu alipasha mafuta ya karafuu akamkanda mama kiuno. Kiu ilipomshika, alimnywesha mama maji. Yeye mwenyewe alikunywa lini mara ya mwisho? Hakumbuki.

Asubuhi hiyo akaja mkaguzi wa bangili. Akaigonga kwa kucha, akakunja uso.

"Dada, hii imekufa. Yapata mwezi sasa."

"Haiwezekani! Jana tu kiuno kimemtesa, nimemkanda mpaka kalala."

Saumu akamgeukia mama.

"Mama, si kiuno kilikuwa kinakuuma?"

"Bega, mwanangu. Mwezi mzima ni hili bega."

"Sasa mbona hukusema?"

"Hukuniuliza." Bi Mwanahija akainamisha macho. "Halafu nilikuona unavyojishika kiuno. Ukinikanda, uso wako ulikuwa unatulia kidogo. Nikaona nikuachie."

Mkaguzi akamvisha Saumu bangili mpya, akaaga. Punde bega likaanza kuwaka moto. Saumu akangoja kiuno kipoe, maana mama keshasema si chake. Hakikupoa.

Akaenda kupasha mafuta, akarudi, akasimama katikati ya chumba na kibakuli mkononi, asijue amkande nani.