Mmung'unye wa Mzee Mbaruku

Siku ya nne sasa Mzee Mbaruku anakataa uji. Binti yake, Siwema, alisukuma kijiko, uji ukamtiririkia mzee kidevuni.

"Kunywa, baba! Unataka watu waseme nimekuua kwa njaa?"

Mzee alikuwa akitazama dirishani, kwenye mmung'unye wake. Majani yalikuwa makavu, lakini udongo umelowa.

"Nani anaumwagilia?"

"Mimi. Unanyauka."

"Uache, mwanangu." Maisha yake yote mzee alitengeneza vibuyu vya mmung'unye. "Umeshazaa. Ukiulazimisha maji sasa, vibuyu vitaoza badala ya kukauka."

Siwema aliinua kijiko tena. Mzee akafumba midomo.

Siwema aliweka bakuli chini, akachovya kitambaa majini, akamlowesha midomo tu.

Nje, kando ya mmung'unye, ndoo ya maji ya jioni ilibaki imejaa.