Mabakuli ya Taa

"Kazi yangu haijawahi kurudi," Fundi Kioo alisema, kama alivyosema kila asubuhi, na fundi viti wa kibanda cha pili akamjibu kama alivyomjibu kila asubuhi: "Itarudije, na wateja wenyewe hawarudi?"

Wakacheka.

Kioo hakuwa fundi wa gari zima. Alishughulika na magari ya zamani tu, na katika gari la zamani alishika kitu kimoja: lile bakuli la chuma lililomo ndani ya taa ya mbele, linalopokea mwanga na kuutupa barabarani. Likichakaa, hulivika fedha upya, kazi ya wiki nzima.

"Matapeli wanapuliza rangi," alipenda kusema. "Mchana inameremeta, utadhani kioo. Giza likiingia, mwanga unaishia kwenye bampa."

Na kila alipokabidhi kazi alikuwa na neno lake. "Huyu ni bibi harusi. Mtazame, usimguse." Mteja hucheka, kidole kilichokwisha kunyooka kikarudi mfukoni.

Walikuwa bado wanacheka pale mwanamke mmoja alipoingia na mabakuli mawili yaliyofungwa kwenye taulo. Nyuma yake alikuja mama mkwe wake, mkono mmoja kwenye plasta, mwingine ukipapasa kutafuta kiti.

"Ni za gari la bluu la mume wangu," mwanamke alisema. "Lile lililoingia mtaroni."

Kicheko cha Kioo kikakatika. "Nimesikia habari zake. Poleni sana." Fundi viti naye akakumbuka kwamba ana kazi kwake.

"Bodi imeshanyooshwa, zimebaki taa. Lakini si gari lililonileta, fundi." Akaketi. "Ndugu zake wanasema alisinzia. Wanasema mimi ndiye niliyemwachia atoke amechoka, kungali giza, ampeleke mama kliniki ya macho. Kikao kizima cha matanga walikuwa wananitazama mimi. Nataka kujua kitu kimoja tu. Taa zilikuwa zinamulika?"

Kioo akayabeba mabakuli mpaka mlangoni kwenye mwanga, akawapa mgongo. Akayageuza. Akayageuza tena.

"Sikubahatika kumjua marehemu," alisema hatimaye. "Lakini hizi ni fedha yenyewe, ya kiwandani. Zimechoka kidogo tu. Zilikuwa zinamulika, dada."

Mwanamke akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa hukumu aliyokwisha kuijua.

"Basi alisinzia."

Kioo akamgeukia mama mkwe. "Na wewe mama, ulikuwemo. Hukuona kitu?"

"Ya siku ile hayakumbuki," mwanamke akajibu kwa niaba yake.

"Kichwa changu kimekuwa chujio, mwanangu," mama akasema, akitabasamu kuelekea ukutani. "Na macho ni ukungu tangu zamani. Hata wewe nakuona kama nguo iliyoanikwa."

"Umenionea, mama. Huku mtaani mimi ndiye mtanashati."

"Nguo ya mtanashati, basi." Wakacheka wote wawili, na mwanamke akajitahidi.

Kioo alikataa malipo. Hiyo ilikuwa rambirambi yake, alisema, waje baada ya wiki.

Wiki ile hakupokea kazi nyingine. Yeye aliyezoea kufanya kazi mlango wazi, ili wapita njia wamsifie, alifunga mlango. Aliyasugua mabakuli kwa thina ya kuyeyushia rangi, kitambaa baada ya kitambaa kikitoka kijivu, na vitambaa hivyo akavichoma mwenyewe nyuma ya kibanda. Ndipo akaanza kuyavika fedha, tabaka juu ya tabaka, akipima kila kona kama anayemkata kucha mtoto mchanga. Hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile.

Siku ya sita fundi viti alisukuma mlango akamkuta ameketi, bakuli limelala mapajani, anaitazama sura yake humo ndani. Bakuli la taa humpindua mtu: kidevu juu, kipaji chini. Macho ya Kioo yalikuwa mekundu.

"Mbona unalia kama marehemu ni wa kwenu?"

"Thina," Kioo alisema. "Inapanda machoni."

Siku ya saba wakaja. Mwanamke akafunua taulo, na mwanga wa mlangoni ukajaa bakulini, ukafurika mpaka darini.

"Angezipenda," alisema. Akanyoosha kidole.

Mazoea yana taabu. Ulimi wa Kioo uliteleza kabla hajaushika.

"Huyu ni bibi harusi, dada. Mtazame, usimguse."

Pale kwenye kiti, mama mkwe akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha mtu aliyeokota kitu alichokwisha kukikatia tamaa.

"Ndivyo," akasema. "Ndivyo ulivyomwambia mwanangu siku alipokuja kuzichukua. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, mlango wazi. Akacheka njia nzima."

Kidole cha mwanamke kilibaki hewani. Kioo alikuwa anatazama sakafu.

Mama aliacha kucheka. Akainua uso, kama anayesikiliza kitu kilicho mbali.

"Na hakusinzia," alisema taratibu. "Alikuwa ananiuliza mimi: 'Mama, wewe unaiona barabara?'"