Aliyefungwa Huachia Pedi

Kampuni mbili za ng'ambo zinazotengeneza mashine za gemu zilikuwa zikigombania wachezaji wa huko kwao, na ugomvi wao ulipofika katika mtaa huu ulimkuta Machano na chumba chake cha gemu. Mashine zake zilikuwa za kampuni moja. Nassibu akafungua chumba ng'ambo ya barabara, chenye mashine mpya za ile nyingine, na wateja wakavuka mmoja mmoja.

Alasiri hiyo alivuka hata Chande, fundi magari, rafiki yake. Machano alisikia kicheko chake kule, akachukua pedi ya vitufe ya kuchezea gemu, ambayo Chande aliichezea miaka minane, ile aliyoitengenezea kitufe kwa mpira wa baiskeli, akamfuata.

"Umesahau pedi yako."

Chande hakuinua macho. Aliipokea, akajaribu kuichomeka kwenye mashine ya Nassibu. Ikagoma.

"Hapa haiingii," Nassibu alisema taratibu. "Kila kampuni na tundu lake. Kaa nawe ucheze, kaka."

"Nirudishie," Machano akamwambia Chande.

Machano alirudi nayo kwenye chumba chake cha gemu, akaichomeka pembeni ya pedi yake, akaanzisha mechi peke yake. Timu ya Chande ilisimama uwanjani bila kusogea. Machano hakuishambulia. Aliugeuza mpira, akaupeleka hadi golini kwake mwenyewe, akajifunga.

Mtaa mzima ulikuwa na sheria moja tu: aliyefungwa huinuka, akaachia pedi. Machano akainuka, akaiweka pedi yake juu ya kiti, akatoka. Mlango aliuacha wazi. Kwenye kioo wachezaji walibaki wamesimama, wakisubiri mpira uanzwe.