Nyuma ya Kocha

"Kila mwanachama asimame nyuma ya anayemtaka!" alitangaza katibu wa klabu.

Tajiri alitaka kuinunua timu kwa sharti moja: Kocha Mbwambo aondoke, aje kocha wake. Tajiri alishika nguzo ya kulia ya goli, Mbwambo ya kushoto, wote wakiutazama wavu. Desturi ya klabu ilikataza kugeuka kabla katibu hajaruhusu.

Mbwambo akasikiliza nyayo.

"Mwenye hela ndiye mwenye timu!" mtu alifoka.

"Timu ni yetu! Kesho atauza hata uwanja!"

"Ubishi wako umewahi kutuletea kombe?"

Nyayo zikaelekea kulia. Ngoma ya mashabiki nayo ikaenda huko. Nyuma ya Mbwambo pakawa kimya, hadi aliposikia kikohozi anachokijua: cha Bi Tausi, aliyemtukana kila mechi msimu mzima.

"Bi Tausi, umekosea mstari!" watu wakacheka.

"Sijakosea! Kumtukana nitamtukana mimi, lakini mgeni asije kutufukuzia kocha."

Kicheko kikakatika.

"Haya, geukeni," alisema katibu.

Mbwambo hakugeuka. Aliing'ang'ania nguzo. Kule kulia ngoma ililia mara moja, kisha ikaanza kusogea upande wake.