Kofia Iliyobaki Kidole Kimoja

Kwa miezi minne Salha alikuwa akicheza gemu moja, akiipenyeza ndege yake ndogo katikati ya mvua ya risasi, na leo, kwa mara ya kwanza, alimfikia adui wa mwisho. Hapo ndipo wifi yake, Mwanakombo, alipochomoa plagi ya runinga na mashine ya gemu ili achomeke pasi, mchezo wote ukapotea.

"Mtu mzima na michezo ya watoto," alisema bila hata kumtazama. "Si utaanza tena?"

Mezani ilikuwepo kofia ambayo Mwanakombo alikuwa akiishona kwa mkono, tundu moja moja, tangu Ramadhani. Ilibaki upana wa kidole tu imalizike.

Salha aliichukua, akaishika ncha ya uzi.

"Na hii, wifi," aliuliza taratibu, akiuzungusha uzi kidoleni, "si utaanza tena?"